Fahali wawili hawakai zizi moja: je, mijusi chui wawili wanaweza kukaa tangi moja?

Leo tunaweka siasa pembeni kidogo. Mada ya leo itawashangaza walioko nyumbani, lakini wenzangu wa ughaibuni wenye watoto wanajua ninachozungumzia. Mtoto anaanza shule, anaalikwa kwa rafiki yake, anarudi na wimbo mmoja tu: "Baba, na mimi nataka mjusi." Siyo mbwa, siyo paka. Mjusi! Sisi tuliokua tukimfukuza mjusi kafiri kwa ufagio, leo tunaombwa tumnunulie nyumba na taa.

Kwangu wimbo huo uliimbwa miezi minne, nikasalimu amri. Na kwa kuwa watoto ni wawili, nikanunua mijusi wawili ili kusiwe na ugomvi nyumbani. Muuzaji akanihakikishia kwamba wote ni majike, wamekua pamoja, na tangi moja linawatosha. Nikafurahi, manake tangi la pili ni hela. Kumbe ugomvi sikuuondoa, niliuhamisha tu kutoka sebuleni kwenda ndani ya kioo.

Yaliyonikuta nitayasimulia huko mbele. Tangu siku ile nimesoma sana, nimeuliza madaktari wa wanyama na wafugaji wa miaka mingi, na nimeona niyaweke hapa yote kwa Kiswahili, kwani mzazi anayetafuta habari hizi kwa lugha yetu hapati kitu.

Mjusi chui ni nani?

Jina lake la kisayansi ni Eublepharis macularius, alilopewa na Edward Blyth mwaka 1854. Kwao ni Pakistan, Afghanistan na kaskazini magharibi mwa India, kwenye nchi kavu yenye mawe na nyasi chache. Anapatikana hata Balochistan, upande ule ule walikotoka mababu wa Wabulushi wa Mombasa na Zanzibar. Mchana anajificha kwenye mashimo na nyufa za miamba, giza likianza kuingia ndipo anatoka kuwinda wadudu.

Tofauti yake na mjusi kafiri wetu ni kubwa. Kwanza ana kope, anafumba na kufumbua macho kama wewe na mimi. Pili, vidole vyake havina zile pedi za kunata, kwa hiyo hawezi kupanda kioo wala kutembea darini. Tatu, mkia wake ni mnene kwa sababu ndiyo ghala lake la mafuta, kama nundu ya ngamia. Mkubwa hufika sentimita 20 hadi 25, na wengi huwa kati ya gramu 45 na 80. Akitunzwa vizuri anaishi miaka 15, wengine wanafika 20. Yaani unamnunua mtoto akiwa darasa la pili, anamaliza chuo mjusi bado yupo. Ukipenda kulinganisha na wa kwetu, ukoo wake upo hata Kenya na kaskazini mwa Tanzania, ni mjusi mdogo wa usiku aitwaye Holodactylus africanus, naye ana kope vilevile.

Karibu mijusi chui wote wanaouzwa leo Ulaya na Marekani wamezaliwa mikononi mwa wafugaji. Ndiyo maana ni wapole kwa binadamu. Lakini upole kwa binadamu ni kitu kimoja, na upole kwa mjusi mwenzake ni kitu kingine kabisa.

Jibu fupi kwa mwenye haraka

Mjusi mmoja, tangi moja. Kama huna muda wa kusoma zaidi, chukua hilo uende nalo. Mwenye muda tuendelee, tuchambue mmoja mmoja.

Dume na dume

Hapa hakuna mjadala. Waswahili walishasema fahali wawili hawakai zizi moja, na mjusi chui ni fahali kwelikweli. Dume lina eneo lake na halitaki dume jingine. Watasimama wima kwa miguu yote minne, migongo imeinuka, kisha wanang'atana shingoni, tumboni na mkiani. Porini anayeshindwa anakimbia, mchezo umeisha. Ndani ya tangi aliyeshindwa anakimbilia wapi? Anarudiwa mpaka auawe au atolewe.

Kumtambua dume siyo kazi ngumu akishafikisha miezi sita hivi. Mwangalie chini, katikati ya miguu ya nyuma. Dume ana mstari wa vitundu uliopinda kama herufi V, na nyuma ya tundu la haja ana vivimbe viwili mwanzoni mwa mkia. Jike hana vivimbe hivyo, na vitundu vyake ni hafifu. Akiwa mchanga ni vigumu kujua, kwa hiyo muuzaji anayekuambia "hawa wa wiki tatu wote ni majike" anabahatisha.

Isipokuwa kwa jambo moja. Kwa mijusi hawa jinsia huamuliwa na joto la yai. Mayai yakikaa kwenye nyuzi joto 26 hivi za Selsiasi, karibu wote wanatoka majike. Yakikaa kwenye 32.5, wengi wanatoka madume. Ukipandisha mpaka 34, yanarudi kutoka majike. Mfugaji makini anayepima joto anaweza kukuambia kwa uhakika kiasi. Sasa sikia hii: utafiti wa miaka ya 1990 uliofanywa na kundi la David Crews wa Chuo Kikuu cha Texas, Austin, ulionyesha kwamba majike waliototolewa kwenye joto kubwa wana ukali zaidi kuliko majike wa joto dogo. Kwa hiyo hata jike na jike hawalingani tabia. Mwingine amezaliwa na ukorofi wake toka kwenye yai.

Dume na jike

Wengi wanafikiri hii ndiyo ndoa salama. Siyo. Dume hapumziki, atamsumbua jike usiku baada ya usiku, akimng'ata shingo kila anapotaka kumpanda. Jike anataga mayai mawili kwa mkupuo, na msimu mmoja anaweza kutaga mikupuo kadhaa. Kila yai linachota kalsiamu kwenye mifupa yake na mafuta kwenye mkia wake. Matokeo yake unamwona jike amekonda, mkia umebaki kama penseli, mifupa imelegea. Tena jike huhifadhi mbegu za dume mwilini, kwa hiyo hata ukiwatenganisha leo, anaweza kuendelea kutaga mayai yenye uhai wiki kadhaa baadaye. Na vifaranga hao utampa nani? Usizalishe kitu ambacho hujakiandalia nyumba.

Kuna jambo jingine ambalo wengi hawalijui. Dume humtambua jike kwa harufu iliyoko kwenye ngozi. Mwaka 1990 watafiti Mason na Gutzke walichapisha jambo la ajabu: jike anapojivua gamba (sizungumzii ile kujivua gamba ya CCM ya mwaka 2011), harufu inapotea, na dume lile lile lililokuwa likimchumbia jana linamshambulia kama vile limekutana na dume mwenzake. Gamba likishatoka, uchumba unarudi palepale. Sasa fikiria, mijusi hawa wanajivua gamba mara kwa mara maisha yao yote. Ndoa gani hiyo?

Wafugaji wanaozalisha kwa makusudi huwakutanisha kwa muda mfupi, wakiwaangalia, jike akiwa na mwaka na zaidi na mwili wa kutosha, kisha kila mtu kwake. Hiyo ni kazi ya mwenye uzoefu, siyo ya chumba cha mtoto.

Jike na jike

Hapa ndipo penye ubishi, na hapa ndipo nilipoumia mimi.

Nitasema ukweli bila kupendelea. Wapo watu waliofuga majike wawili au watatu pamoja miaka mingi bila damu kumwagika, na wazalishaji wakubwa wamefanya hivyo muda mrefu. Nawaheshimu. Lakini ukiwauliza vizuri watakuambia mambo matatu: tangi lilikuwa kubwa, kila mmoja alikuwa na maficho yake, na walikuwa na tangi la akiba tayari kwa siku mambo yatakapoharibika. Sisi wazazi wa tangi moja la dukani hatuna hata moja kati ya hayo matatu.

Wangu waliitwa Madoa na Karanga. Madoa alikuwa wa kaka mtu, Karanga wa dada mtu. Miezi miwili ya kwanza ilikuwa raha tupu. Nilikuwa nawakuta mchana wamelaliana, Madoa juu ya Karanga, ndani ya pango moja. Nikawapiga picha nikairusha kwenye kundi la ukoo WhatsApp: "Tazameni ndugu wanavyopendana." Shangazi yangu akajibu kwamba hata wanadamu hawapendani hivyo siku hizi.

Mwezi wa tano nikawapima kwa mizani ya jikoni, kwa kudadisi tu. Madoa gramu 52. Karanga gramu 31. Wamenunuliwa siku moja, wamekula bakuli moja. Nikasema labda huyu ni mdogo wa mwili. Wiki moja baadaye, saa tano usiku, binti yangu akaja chumbani analia. Nikaenda. Mkia wa Karanga ulikuwa peke yake sakafuni mwa tangi, unajinyonganyonga kama uko hai, na Karanga mwenyewe kajibana kwenye kona ya baridi.

Nikadhani muuzaji kanidanganya, Madoa ni dume. Daktari akawakagua: wote majike. Muuzaji hakusema uongo kuhusu jinsia. Alichokosea ni kuniambia kwamba jinsia inatosha.

Kulaliana siyo mapenzi

Wadau, kama mtasahau yote, hili msilisahau. Mjusi chui hatengenezi joto lake mwenyewe mwilini. Anahitaji mahali pa moto ili chakula kisagike tumboni. Kama pango la joto ni moja, wote wawili lazima waende hapo. Aliye juu ndiye mwenye joto na ndiye mtawala, aliye chini kabanwa au kavumilia kwa kuwa hana pengine pa kwenda. Sisi tunatazama kwa macho ya kibinadamu tunasema wanakumbatiana.

Unyanyasaji wa mijusi mara nyingi hauna kelele. Mmoja anasimama karibu na chakula, mwingine anaogopa kusogea. Mmoja anakalia pango la joto, mwingine anashinda baridi na chakula hakisagiki. Hakuna damu, hakuna jeraha, lakini mmoja anakufa polepole mbele ya macho yako. Ukiona jeraha ujue ugomvi ulianza zamani.

Dalili za kuangalia

Kwa aliye nao wawili tayari, angalieni haya:

1. Uzito kutofautiana. Nunua mizani ya jikoni inayosoma gramu, pima kila wiki, andika. Akipungua sehemu ya kumi ya uzito wake, usingoje.
2. Mkia wa mmoja unakonda wakati wa mwenzake unanenepa.
3. Mmoja yuko upande wa baridi kila wakati, au anatoka nje mchana kweupe wakati mwenzake yuko pangoni.
4. Alama za meno shingoni, miguuni au mkiani. Vidole kukatika.
5. Mkia unaopungwa polepole huku na huku mwenzake anaposogea. Hiyo ni onyo. Ule mtikisiko wa haraka haraka wa ncha ya mkia ni wa dume aliyesikia harufu ya mwenzake.
6. Mmoja hali chakula mpaka umtoe peke yake.

Ukiona hata moja kati ya hizo, watenganishe siku hiyo hiyo. Usisubiri Jumamosi. Boksi la plastiki lenye matundu ya hewa, karatasi za jikoni chini, bakuli la maji, pango la kadibodi na mkeka wa joto vinatosha kwa siku chache wakati unatafuta tangi.

Watoto wa mijusi je?

Dukani utawakuta kumi ndani ya tangi moja, ndiyo maana watu wanadhani ni viumbe wa kundi. Pale wanapita tu. Mjusi anatoka kwenye yai akiwa na gramu mbili tatu na urefu wa sentimita nane hadi kumi, na wakati huo wanaweza kuvumiliana. Lakini mmoja akitangulia kukua kidogo, anaanza kula cha wenzake, tofauti inaongezeka, na mdogo akipita mbele yake kidole au mkia unafananishwa na funza. Wanaponunuliwa wawili wa umri mmoja, mzazi anaona amani ya utoto na kudhani ni ya kudumu.

Ugonjwa wa mmoja ni wa wote

Hata wangependana, bado kuna hili. Vimelea vya kriptosporidiamu huwashambulia mijusi chui tumboni, mjusi anakonda mpaka mkia unabaki kijiti. Vinaenea kwa kinyesi, dawa za kawaida za kusafishia nyumba hazivimalizi, na tiba ya uhakika ya kumponya mjusi kabisa haipo. Mijusi wawili kwenye tangi moja wanashiriki maji, sakafu na kinyesi. Akiugua mmoja, hesabu wawili. Halafu ukikuta kinyesi kibaya asubuhi, ni cha nani?

Kwa hiyo mjusi yeyote mpya akae karantini, chumba kingine ikiwezekana, miezi mitatu, na vyombo vyake peke yake. Peleka kinyesi kwa daktari anayejua reptilia kikapimwe.

Na tusisahau wanadamu. Mijusi hubeba salmonela hata wakiwa wazima. CDC ya Marekani inashauri nyumba yenye mtoto wa chini ya miaka mitano isifuge reptilia. Watoto wanawe mikono kwa sabuni kila wakimshika, na tangi lisioshwe kwenye sinki la jikoni.

Tangi la mmoja liweje?

Zamani watu walitumia tangi la lita 40. Siku hizi wafugaji wengi wanaona hata lita 75 ni pa kuanzia tu, na kwa mkubwa wanapendekeza la urefu wa sentimita 90, upana 45 na kimo 45. Upande mmoja uwe wa joto, mahali pa kulala pafike nyuzi 32 hadi 35. Upande wa pili uwe wa baridi, nyuzi 22 hadi 26. Kifaa cha joto kifungwe kwenye themostati, bila hiyo utamchoma tumbo. Kipimajoto kisome pale mjusi anapolala, siyo juu kwenye kioo.

Maficho matatu: la upande wa joto, la upande wa baridi, na moja lenye unyevu la kumsaidia kujivua gamba. Gamba likibaki kwenye vidole linakaza kama uzi na kidole kinakufa.

Chakula ni wadudu hai: nyenje, mende wa kufugwa na funza wa unga, wenyewe wakiwa wamelishwa vizuri kwanza. Wapakwe unga wa kalsiamu, na vitamini D3 kwa kipimo alichoshauri daktari. Bila kalsiamu mifupa inalainika na kupinda. Wadudu wa uani usiwape, hujui wamepita kwenye dawa gani.

Kama unalazimika kuwa na wawili, hesabu yako ni rahisi: zidisha yote hayo mara mbili. Hela zikitosha kwa tangi moja, basi zinatosha kwa mjusi mmoja.

Lakini hataona upweke?

Hili ndilo swali ambalo watoto wote wanauliza, na ni swali zuri, manake sisi Waafrika kuishi peke yako ni kama adhabu. Jibu ni kwamba mjusi chui siyo mbuzi wala kuku. Hajengi urafiki na mwenzake na wala hamtafuti akikosekana. Anachohitaji ni joto, maficho, chakula na utulivu. Ukimpa mwenzake hujamwondolea upweke, umempunguzia eneo.

Usilete wa porini

Mwisho, kwa walioko nyumbani wanaosikia mijusi wana bei Ulaya. Tunaye mjusi mdogo wa rangi ya samawati, Lygodactylus williamsi, anayeishi kwenye misitu michache ya Morogoro kama Kimboza, na hapatikani kwingine duniani. Biashara ya wanyama wa kufugwa ndiyo iliyomfikisha pabaya: watu walikata hadi mikadi anayoishi ili kumkamata. Sasa amewekwa kwenye kundi la walio hatarini kabisa kutoweka, na tangu Januari 2017 biashara ya kimataifa ya waliotoka porini imepigwa marufuku na CITES. Ukitaka kufuga, nunua aliyezaliwa kwa mfugaji, na uliza maswali.

Karanga yuko wapi?

Yupo, namshukuru Mungu. Nilinunua tangi la pili siku iliyofuata. Ndani ya miezi mitatu peke yake alifikisha gramu 47. Mkia umeota mwingine, mfupi, laini, hauna pete wala umbo la ule wa kwanza, kama kiazi kidogo. Madoa naye yuko kwake, hana habari.

Binti yangu usiku ule aliniambia sentensi moja ambayo bado inanikaa: "Baba, si ulisema wanapendana?" Sikuwa na jibu. Niliipenda ile picha, sikuwahi kuwatazama mijusi wenyewe. Ile picha ya kwenye kundi la ukoo nimeshaifuta kwangu, ingawa shangazi bado anayo.

Haya wadau, uwanja ni wenu. Wenye uzoefu tofauti, hasa waliofuga majike pamoja na wakafanikiwa, shusheni maoni hapo chini mtueleze mlifanyaje. Matusi tu ndiyo sitayapitisha. Alamsiki.